Vuli inapanda ngazi: hivi mjini unajuaje kama imeshaingia?

Kwanza tuwekane sawa kwenye neno, maana ukimwambia Mswahili vuli, kichwani kwake inanyesha mvua hapohapo, zile mvua fupi za Oktoba mpaka Desemba. Mimi hapa siongelei mvua. Naongelea yale majira ya nchi zilizo mbali na ikweta, yanayokaa katikati ya joto na baridi kali, ambapo majani yanageuka rangi halafu yanapukutika, na ndo maana wengine wanayaita majira ya mapukutiko. Nitaendelea kusema vuli kwa sababu ni neno fupi na mkono wangu mvivu.

Sasa swali lenyewe linaonekana la kitoto kabisa: vuli imeingia lini? Lakini jaribu kuwauliza watu watano wanaoishi jiji moja uone. Mmoja atasema bado, kwake kiyoyozi kinaunguruma mpaka saa hizi, mwingine atasema we mbona imeingia tangu wiki mbili zilizopita, wa tatu atachungulia kalenda kwenye simu, wa nne ataangalia mti ulioko nje ya stesheni, wa tano atakuambia haijui vuli anajua tu kwamba asubuhi anaondoka na giza. Na ajabu ni kwamba wote watano wanasema kweli.

Tuanze na huyu wa kalenda kwa sababu ndo anajiamini kuliko wote, wakati kalenda yenyewe haijakubaliana. Watu wa hali ya hewa wanahesabu vuli kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 30 Novemba, basi, miezi mitatu mizima, wamefanya hivyo kwa sababu takwimu zinapangika vizuri ukikata mwezi mzimamzima. Watu wa nyota wao wanasubiri ikwinoksi, yaani ile siku jua linavuka juu ya ikweta likielekea kusini, ambayo kwa kawaida inaangukia tarehe 22 au 23 Septemba. Kalenda ya jadi ya Uchina ndo ilishaianzisha zamani, tarehe 7 au 8 Agosti, watu bado wanatoka jasho. Halafu kuna wanaosema tarehe haina maana, tuangalie kipimajoto: Uswidi vuli inahesabiwa imeingia pale wastani wa joto wa siku ukishuka chini ya nyuzi 10 kwa siku tano mfululizo, huku Uchina vipimo vya hali ya hewa vinasema wastani wa siku tano ukae chini ya nyuzi 22. Kumi na ishirini na mbili! Yaani mtu wa Stockholm akisema vuli imefika, na mtu wa Beijing akisema vuli imefika, mmoja kavaa koti na mwenzake kavaa shati. Na ukishuka kule kusini, Sydney au Buenos Aires, yote haya yanageuzwa juu chini, vuli yao inaanza Machi.

Kwa nini haya mambo hayakubaliani? Kwa sababu vuli si kitu kimoja. Ni vitu kadhaa ambavyo vinatembea kwa mwendo tofauti, kuna mwanga, kuna joto, kuna mimea na wanyama, halafu kuna sisi binadamu na mitambo yetu. Shambani vinakaribiana kidogo. Jiji kubwa linavivuta vikaachana kabisa, kimoja kinafika Agosti na kingine kinajikokota mpaka Desemba. Lakini katika vyote hivyo kuna kimoja tu ambacho jiji haliwezi kukichelewesha hata kwa dakika, nacho ni jua. Mimi ndo nasema ukitaka kuijua vuli mjini achana na majani, angalia kivuli.

Dunia imeinama nyuzi kama 23.4, hilo tulifundishwa shule, na kuinama huko ndo kunafanya jua lipande juu sana Juni na lipite chinichini Desemba kwa watu wa kaskazini. Ambacho shule hawakutilia mkazo ni kasi. Mabadiliko hayaendi sawasawa mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni mchana unapungua kwa sekunde tu kwa siku, hakuna anayeona, lakini karibu na ikwinoksi ndo unaporomoka. London kwa mfano mchana wa Juni unakaa zaidi ya saa 16 na nusu, wa Desemba haufiki 8, na katikati hapo, Septemba, mchana unapungua karibu dakika 4 kila siku. Piga hesabu, hiyo ni karibu nusu saa kwa wiki. Ndo maana watu wanasema "ghafla" kila mwaka, eti ghafla kumekuwa na giza, na wanasema hivyo wakiwa na miaka hamsini kana kwamba ni mara ya kwanza. Hawakosei lakini, Septemba kweli mambo yanaenda mbio.

Sasa chukua hiyo jiometria uiweke kwenye mtaa wa maghorofa. Hapa ndo patamu.

Tuseme tuko kwenye latitudo ya London, mtaa unaoelekea mashariki na magharibi, upana wake mita 20, na upande wa kusini kuna jengo la mita 20 kwenda juu, hesabu chini pamoja na ghorofa tano. Juni jua likiwa juu kabisa linafika nyuzi 62 hivi, kivuli cha hilo jengo ni mita 11 tu, kinaishia katikati ya barabara, upande wa pili wote wanaota jua kuanzia mlangoni. Wiki ya kwanza ya Septemba jua la mchana limeshuka mpaka nyuzi 45, na kwenye nyuzi 45 kivuli kinalingana na urefu wa jengo, mita 20, yaani kimegusa ukuta wa jirani. Siku ya ikwinoksi kimeshapanda mita 4 kwenye huo ukuta, wa chini kashazimiwa. Mwisho wa Oktoba kiko mita 11, kinachungulia madirisha ya ghorofa ya tatu. Desemba kimefika karibu mita 15, na wanaobaki na jua ni wale wa juu kabisa.

Yaani vuli inapanda ngazi. Inaanza kwa wa chini, inabisha mlango mmoja mmoja, ghorofa baada ya ghorofa, na huyo wa chini akishanyang'anywa jua la mchana wiki ya kwanza ya Septemba ataonana nalo tena mwanzoni mwa Aprili. Miezi saba! Wakati kalenda inasema vuli ni miezi mitatu.

Mimi nimewahi kukaa chini kwenye jengo la namna hiyo na nakumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa. Katikati ya majira ya joto kimraba cha jua kilikuwa kinaangukia sakafuni pale pale chini ya dirisha, karibu na miguu ya meza. Agosti kikaanza kusogea ndani, taratibu, kikapita meza, kikapita kiti, nikawa nafurahi naona chumba kinazidi kujaa mwanga, nikasema mambo ndo hayo. Kumbe ni dalili mbaya, jua linaingia ndani zaidi kwa sababu limeshuka. Halafu kile kimraba kikaanza kuliwa kuanzia upande wa dirishani, kikabaki kiutepe chembamba huko mbali ukutani, karibu na mlango, upana wa vidole vitatu hivi, kinakaa dakika chache kinazima. Siku moja hakikuja. Nje watu bado wamevaa fulana, miti ya kijani tupu, nikakutana kwenye ngazi na dada mmoja wa ghorofa ya tano, nikamwambia dada yangu vuli imeingia, akanicheka sana. Akasema kwake jua linapiga mpaka anafunga mapazia. Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba moja lakini si majira mamoja.

Na kuna majiji ambayo mpangilio wake wa mitaa umekuwa kalenda bila wenyewe kukusudia. Chicago mitaa yake mingi imenyooka kabisa mashariki magharibi, kwa hiyo siku za ikwinoksi jua linazama mwisho wa barabara kabisa, katikati ya maghorofa, kama mtu kaliweka pale kwa mikono, watu wanasimama na simu zao kupiga picha na madereva wanapigwa na mwanga usoni. Manhattan nayo ina mitaa iliyonyooka lakini imepinda nyuzi kama 29 kutoka kwenye dira, kwa hiyo jambo hilohilo kwao linatokea mwisho wa Mei na katikati ya Julai, halihusiani na vuli hata kidogo.

Haya, joto. Joto ndo linalowadanganya watu wengi.

Kwanza joto kwa asili yake linachelewa. Jua likianza kupungua nguvu Juni, ardhi na bahari bado vina akiba, vinaendelea kupasha hewa wiki nyingi baadaye, na bahari inachelewa kuliko nchi kavu, ndo maana miji ya pwani Septemba inaweza kuwa na joto tamu kabisa. Hilo lingetokea hata kama hakuna jiji. Sasa jiji linaongeza lake juu: lami na zege vinakunywa jua mchana kutwa vinalitema usiku, kuta ndefu zinarushiana joto zenyewe kwa zenyewe badala ya kuliachia liende angani, miti michache kwa hiyo hakuna kupoza kwa mvuke wa majani, halafu magari, viyoyozi, mabomba, treni za chini ya ardhi, kila kitu kinatoa pumzi ya moto. Hiki wanakiita kisiwa cha joto na si ugunduzi wa juzi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia mmoja wa London, Luke Howard, huyuhuyu aliyeyapa mawingu majina tunayotumia mpaka leo, alikaa miaka akipima joto ndani na nje ya jiji, akaona kwamba tofauti kubwa iko usiku, mjini kunakuwa na joto kuliko mashambani. Kuanzia 1818 akayachapisha kwenye kitabu.

Kumbuka hilo la usiku, lina maana yake. Vuli shambani inatangazwa na asubuhi: umande mzito, ukungu wa chinichini, halafu siku moja barafu nyembamba juu ya nyasi. Hizo zote zinazaliwa usiku mtulivu usio na mawingu, na huo ndo usiku ambao jiji linashinda kwa joto. Kwa hiyo pembezoni mwa mji wameshaanza kukwangua barafu kwenye vioo vya magari na katikati ya mji hakuna kitu, tofauti ya mwendo wa treni nusu saa tu. Mtu anayelala katikati ya mji hapati taarifa.

Twende kwenye miti, maana najua kuna mtu tangu mwanzo anasubiri majani.

Mti hauangalii kalenda wala haungoji baridi peke yake, unapima urefu wa usiku. Majani yana protini inayohisi mwanga, usiku ukizidi kurefuka mti unaanza kufunga hesabu: unavunja klorofili, ile rangi ya kijani, na unavuta naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye jani kuzirudisha kwenye matawi kabla halijaanguka. Ile njano unayoiona haijaletwa na vuli, ilikuwepo humo siku zote, ni karotenoidi zilizokuwa zimefunikwa na kijani. Nyekundu ndo tofauti, antosianini, hiyo mti unaitengeneza upya, na inatoka vizuri zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha, na kwa nini mti unaokaribia kulala ujisumbue kupika rangi mpya wanasayansi bado wanabishana. Mwisho kwenye kikonyo cha jani kunajengeka utando unaolitenga na tawi, upepo kidogo tu, linaachia.

Sasa mti unapima usiku, na jiji halina usiku. Ushaelewa tunapoelekea. Mti uliopandwa chini ya taa ya barabarani unaona mwanga mpaka alfajiri, unajua bado ni majira ya joto. Mwaka 1936 mtaalamu mmoja wa mimea aliandika kuhusu miti ya New York ambayo taa za barabarani zilikuwa zinachelewesha majani yake kuanguka, na hizo ni taa za wakati huo, si hizi za sasa. Huhitaji maabara kuliona. Tafuta mti ulio karibu na taa Novemba, usimame mbali kidogo uuangalie wote: upande wa giza upo mtupu, matawi kama waya, na upande wa taa kuna kifurushi cha majani ya kijani kimeizunguka ile balbu.

Na kuna uongo wa upande mwingine pia, majani yanayowahi. Agosti kukiwa na ukame, miti ya mjini ambayo mizizi yake imebanwa na lami inaangusha majani kuokoa maji, watu wanasema vuli imewahi mwaka huu, wala, huo ni kiu. Ulaya kuna miti inayoitwa chestinati ya farasi inayoanza kuwa ya kahawia tangu Julai, majani yamekunjamana kama yameungua, hiyo ni kazi ya kinondo mdogo ambaye viluwiluwi vyake vinachimba njia ndani ya jani. Alionekana kwanza kando ya ziwa Ohrid, Masedonia, miaka ya 1980, akasambaa Ulaya, 2002 akaonekana London. Miaka yote hiyo kuna watu wanapita chini ya huo mti wanavuta pumzi ya huzuni kuhusu vuli, kumbe ni mdudu.

Kwa hiyo ukitegemea mti mmoja utapotea. Ukiniuliza mimi mti wa kuaminika kidogo ni ginkgo, na si kwa sababu unawahi, hapana, ni kwa sababu haubabaishi. Unageuka njano moja safi, unakaa hivyo, halafu baridi kali ya kwanza ikipiga unaweza kumwaga karibu majani yote kwa pamoja ndani ya saa chache. Tokyo umepandwa kwenye barabara nyingi na idara ya hali ya hewa ya Japani inaandika siku ginkgo zinapogeuka njano. Huko wanafuatilia rangi za vuli kama sisi wengine tunavyofuatilia mechi, rangi zinaanza Hokkaido kaskazini Septemba na Oktoba, zinateremka kusini, Tokyo yenyewe mara nyingi ni mpaka mwishoni mwa Novemba.

Juu ya vichwa vyetu kuna vuli nyingine ambayo wengi hawaijui kabisa kwa sababu inapita usiku. Ndege wadogo wanaohama wanasafiri gizani, na taa za jiji zinawavuta na kuwachanganya. New York wakiwasha ile mihimili miwili ya mwanga ya kumbukumbu ya Septemba 11, kunakuwa na watu wanaohesabu ndege, wakizidi sana kwenye mwanga taa zinazimwa kama dakika 20 ili ndege waondoke waendelee na safari. Chicago usiku mmoja wa mwanzoni mwa Oktoba 2023 karibu ndege 1,000 walikufa kwa kugonga vioo vya jengo moja tu, McCormick Place, lililo kando ya ziwa. Baadaye vioo vile vikabandikwa vidoa vidogovidogo ndege wavione, na vifo vikapungua sana. Roma ni kinyume, kule ndege hawapiti, wanakuja kukaa: kwenzi kutoka kaskazini wanajaa jioni juu ya stesheni ya Termini na kando ya mto, kundi linajikunja na kujikunjua kama moshi, na chini watu wanatembea na miamvuli bila mvua. Kama unashangaa miamvuli ya nini, fikiria maelfu ya ndege wameshiba.

Halafu tupo sisi wenyewe. Sehemu kubwa ya vuli ya mjini ni maamuzi ya ofisini. Moscow nyumba nyingi zinapashwa joto kutoka mtambo mkubwa wa pamoja, na kanuni ni kwamba wastani wa joto la nje ukae chini ya nyuzi 8 kwa siku tano ndo mabomba yafunguliwe, kwa hiyo kuna zile siku za katikati watu wanatetemeka ndani wakisubiri hesabu itimie. Popote penye hita kuna ile jioni ya kwanza zinawashwa, na harufu ya vumbi lililolala juu yake tangu machipuko likiungua, kama nywele zilizokaribia moto hivi. Hiyo harufu kwangu inazidi majani yote. Reli nayo ina vuli yake: majani yakisagwa na magurudumu yanakuwa utando mweusi unaoteleza, treni inashindwa kushika breki vizuri, Uingereza wanapitisha treni maalumu za kuosha reli kwa maji ya nguvu na kumwaga mchanga. Abiria anaona tu ubao umeandika kuchelewa.

Na kuna saa. Sehemu kubwa ya Ulaya wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani majimbo mengi ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. London Jumamosi jua limezama karibu saa kumi na mbili kasorobo, kesho yake linazama saa kumi na moja kasorobo, watu wanatoka kazini Jumatatu wanakuta usiku. Ukiwauliza wengi wao vuli imeingia lini watakutajia hiyo Jumatatu, wakati kivuli kimeshapanda ghorofa tatu, ndege wengi wameshapita, na kilichobadilika siku hiyo ni mshale wa saa.

Yule dada wa ghorofa ya tano alinikuta tena kwenye ngazi wiki hiyo ya saa, kavaa sweta. Akaniambia kaka, sasa imeingia. Nikamuuliza jua kwake je, akasema lipo, linapiga vilevile, ila linafika mpaka mlango wa jikoni, zamani halikuwa linafika huko.